Shajara ya mradi: kuiepusha apu yetu ya vikoba na tokeni za watu

Kwa anayeanzia hapa. Tuna apu ndogo ya bure, msimbo wake uko wazi GitHub (mtandao wa kuweka misimbo), kazi yake ni kusoma SMS za M-Pesa, Airtel Money, Mixx na HaloPesa kwenye simu ya mhazina wa kikoba halafu inajaza daftari yenyewe, nani kaleta hisa, nani karejesha mkopo, nani bado mfuko wa jamii, basi. Haishiki hela ya mtu na haiombi hata intaneti. Mwishoni mwa 2025 watu tusiowajua wakatengeneza tokeni, yani sarafu ya kidijitali ya kununua na kuuza mtandaoni, yenye jina la apu na nembo yake, wakaanza kutubana tuitangaze. Kazi ya kujitoa hapo imekula muda kuliko toleo lolote tulilowahi kutoa, kwa hiyo naiandika kila hatua ikiisha, tulichojaribu, kilichogoma na gharama yake, developa mwingine yakimkuta asianzie sifuri. Jina la apu silitaji humu makusudi, sababu iko chini kwenye Desemba.

9 Novemba 2025: ilivyoanza

Dalili ya kwanza ilikuwa nyota za GitHub kupanda usiku mmoja, akaunti nyingi mpya hazina picha wala kazi yoyote. Tukafurahi kidogo. Asubuhi yake ikaja ishu ya kwanza (ujumbe wa kuripoti tatizo la mradi), kichwa chake tu "dev, ada zako zinakusubiri", ndani kuna linki na maelezo kwamba mimi dev, yani developa, niunganishe waleti (pochi ya sarafu za kidijitali) nichukue hela.

Kwa wasiojua mambo haya yanavyoenda. Kwenye Solana, mtandao mmoja wa sarafu za kidijitali, kuna majukwaa ambayo mtu yeyote anatengeneza tokeni kwa picha na jina tu, gharama yake karibu na bure, pump.fun iliyoanza Januari 2024 ndiyo iliyozoesha watu mchezo huu na baadaye wengine wakafuata. Kwenye mtindo huo tokeni inaanza na vipande bilioni moja, na bei inapangwa na hesabu ya mashine, yani kila anayenunua anampandishia bei anayefuata. Aliyewahi kanunua kwa bei ya kutupa, na faida yake inakuja pale tu akipata wa kumuuzia. Sasa kuna majukwaa yameongeza kitu kingine, mtengenezaji anaweza kuandika kwamba sehemu ya ada za mauzo iende kwa mtu fulani kupitia akaunti yake ya X au GitHub, hata kama huyo mtu hana habari. Ni sawa na mtu kukuwekea mlangoni mzigo ambao hukuuagiza, halafu anakaa pembeni kuangalia kama utauingiza ndani.

Kwa hiyo hawaji kama matapeli, wanakuja kama wafadhili. Meseji niliyopata Telegram siku hiyohiyo ilikuwa hivi: "Bro umelala? Community imeshakuchangia, watu wapo humu wanakusubiri wewe tu, andika posti moja useme unaijua, huhitaji hata kusema ni yako." Hiyo sentensi ya mwisho isome tena. Hawataki niseme ni yangu, wanataka niseme naijua, maana hiyo inatosha kuuza.

16 Novemba: kunyamaza, imegoma

Jaribio la kwanza lilikuwa kukaa kimya, tukaamini wakikosa jibu wataondoka wakatafute mradi mwingine. Hawakuondoka. Kimya chetu kikatafsiriwa kwamba "dev hajakataa". Na hapa tuna shida ya ziada, X kwetu Tanzania haifunguki tangu Mei 2025 na mambo yote ya hawa jamaa yanapikwa huko, kwa hiyo tunasemwa mahali ambapo hatupaoni. Rafiki yangu mmoja wa Nairobi ndiye akawa ananitumia skrinshoti.

Mfano mmoja. Jumatano nilisukuma rekebisho dogo kabisa, HaloPesa walikuwa wamebadilisha nafasi ya salio kwenye SMS na apu ikawa inasoma salio kama kiasi kilichopokelewa, nikaandika "rekebisha usomaji wa salio" nikaenda kulala. Asubuhi rafiki ananitumia skrinshoti ya rekebisho langu limezungushiwa duara jekundu na picha za roketi, maneno "dev anajenga usiku, anajua kinachokuja". Yani mtu amenunua tokeni kwa sababu tumerekebisha SMS ya Halotel! Toka siku hiyo nikaelewa kwamba ukiwa na mradi wa wazi huwezi kunyamaza, kila unachofanya kinaonekana na wao wanakisoma wanavyotaka.

Wiki hiyo pia zikaanza kuja pul rikwesti, yani maombi ya kubadilisha faili zetu, moja inaongeza bango kwenye README (ukurasa wa maelezo ya mradi), nyingine inaongeza faili la anwani ya waleti na maelezo matamu ya "kusaidia uendelevu wa mradi". Haya yana historia. Mwanzoni mwa 2024 mradi wa tea, ulioanzishwa na Max Howell aliyetengeneza programu ya Homebrew, ulitangaza kuwazawadia tokeni watu wa programu huria, nia ilikuwa nzuri tu, ila watu wakavamia miradi isiyo yao wakipachika faili la tea.yaml lenye waleti zao, wenye miradi wakashinda wanafuta. Wengine wakahamia npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, kumwaga vifurushi visivyo na kazi yoyote, na mwezi huu huu watu wa usalama wa Amazon wametangaza wamekuta zaidi ya vifurushi 150,000 vya namna hiyo. Ukiweka zawadi ya tokeni juu ya kazi ya watu, watakuja wengi, ila wamefuata zawadi.

Rekebisho: faili la README na folda ya nembo sasa vinahitaji idhini ya watu wawili wa timu kabla ya kubadilishwa. Gharama: hakuna, dakika chache za mipangilio.

30 Novemba: hela, ndani ya timu

Hii ndiyo sehemu ngumu na sitaki kuiruka. Ukurasa wa ile tokeni ulikuwa unaonyesha ada "zetu" zimefika zaidi ya milioni nne za Kitanzania. Mradi wetu unalipa sava na jina la kikoa kama elfu 32 kwa mwezi kutoka mifukoni mwetu, simu za majaribio tunaazima, na mwenzetu mmoja ambaye ndiye anajua vizuri kazi ya Android anafanya hii kazi usiku baada ya kibarua cha mchana. Akauliza, kwa haki kabisa, kwa nini tusichukue. Hatujaitengeneza sisi, hatujamdanganya mtu, hela ipo tayari, tuchukue tununue simu tatu za majaribio tuendelee na maisha.

Tukaongea karibu usiku mzima. Niliangalia kwanza kitendo chenyewe cha kuchukua kinavyofanya kazi, na kilichotuamua ni hiki: kuchukua ada ni muamala kwenye blockchain, yani daftari la wazi la miamala, unaonekana na kila mtu, na jukwaa lenyewe linaonyesha alama kwamba dev amechukua. Hakuna kuchukua kimyakimya. Siku unachukua ndiyo siku wanatangaza "dev ameingia", bei inaruka, waliowahi wanauza na waliofuata wanabaki na karatasi. Kwa hiyo kuchukua ni kutangaza, hata usipofungua mdomo. Na wanaombana mtu wapate neno lake moja wanajua thamani yake, tarehe 14 Februari mwaka huu Rais Milei wa Argentina aliposti tokeni moja inaitwa LIBRA, thamani yake ikapita dola bilioni 4 na ndani ya saa chache ikaporomoka, posti akaifuta, hela za watu zimeshakwenda. Sisi si marais ila kwa kina mama wanaotumia apu yetu neno letu lina uzito.

Na hapo ndipo nilipo mimi. Hawa jamaa hawataki msimbo wetu, hata mmoja wao hajawahi kuuliza apu inafanya nini. Wanachotaka ni imani ambayo mhazina wa Mbagala au Kiwalani ameijenga na wanakikundi wake kwa miaka, ambayo sisi tumeazimwa tu kwa sababu hesabu zetu zinatoka sawa Jumamosi kwa Jumamosi. Siwezi kuuza kitu nilichoazimwa, hata mnunuzi akija na hela mkononi.

Mwenzetu alikubali, ila alisema kitu cha maana, kwamba kama tunakataa hii basi tuache kujifanya hela hatuzihitaji. Tukafungua ukurasa wa michango kwa namba ya simu, jina la mpokeaji linaonekana, matumizi yanaandikwa kila mwezi. Michango ya kwanza ilitoka kwa vikoba vyenyewe, buku mbili, buku tano.

11 Desemba: tamko la kwanza, limeharibu zaidi

Tuliandika tamko kwenye README kwa Kiswahili, kirefu, jina la tokeni, anwani yake ya mkataba (herufi zinazoitambulisha mtandaoni) nzima herufi kwa herufi, na maneno "si yetu, msinunue". Tuliona tukitaja kila kitu hakuna atakayechanganya.

Bei ikapanda.

Ilichukua siku kuelewa kwa nini. Kwanza wanunuzi wengi hawajui Kiswahili, wanachoona ni anwani ya tokeni ndani ya ripo halisi (folda ya msimbo) ya mradi, kwao hiyo ni uthibitisho. Pili kuna roboti zinazokagua ripo kutafuta anwani za mikataba, zikikuta anwani yako zinatangaza kwamba tokeni "imeunganishwa na ripo", haziangalii kama mbele yake kuna neno "si". Tatu, skrinshoti zilikatwa pale maneno ya kukana yanapoanza, nimeiona mwenyewe, imekatwa mstari mmoja juu ya "si yetu" kwa umakini kabisa. Na baada ya hapo likaja wimbi la watu wanaotuchokoza makusudi ili tujibu, maana kila jibu letu ni skrinshoti mpya, "dev anaongea na community".

14 Desemba: tamko la pili, limefanya kazi

Tulifuta lote tukaandika hili, Kiswahili na Kiingereza, juu kabisa ya README. Chukueni mnakili, libadilisheni mnavyotaka:

"Mradi huu hauna tokeni, haujawahi kuwa na tokeni na hautakuwa nayo. Hakuna mtu kwenye timu anayepokea ada, mgao wala zawadi inayotokana na tokeni ya aina yoyote. Anayekuuzia sarafu kwa jina letu hatumjui. Apu ni bure na itabaki bure. 14 Desemba 2025."

Halina jina la tokeni, halina anwani, halina linki. Linasema tokeni yoyote, kwa hiyo hata wakitengeneza nyingine kesho (wametengeneza, zaidi ya moja) hatuandiki upya. Lina tarehe ili mtu asidai limewekwa baada ya bei kushuka. Na kanuni iliyokwenda nalo ni kwamba hakuna mtu wa timu anajibu swali la tokeni popote, si kwa utani, si kwa hasira, si kwa emoji. Swali linafutwa na akaunti inafungiwa.

Ndiyo sababu pia jina la apu haliko kwenye shajara hii. Kila ukurasa unaotaja jina letu pamoja na neno tokeni unageuzwa tangazo.

Ndani ya siku chache mauzo ya ile tokeni yakakauka, rafiki wa Nairobi akaniambia grupu lao limepoa. Tukadhani tumemaliza.

20 Desemba: apu bandia, na simu kutoka Mbagala

Desemba vikoba vingi vinagawana. Mwaka mzima wa hisa na riba unahesabiwa, watu wanaondoka na hela mkononi, laki tatu, laki nane, wengine milioni na ushee. Apu yetu inatumika sana mwezi huu kuliko miezi yote na sisi tunakaa macho kwa ajili ya hesabu za mgao.

Jumamosi asubuhi akanipigia mama mmoja mhazina, tunajuana tangu toleo la kwanza. Shikamoo, marahaba mwanangu, halafu akaniuliza taratibu: "Hii hisa ya apu inanunuliwaje? Maana kuna vijana wameileta kwenye grupu, wanasema ni ya kwenu, na sisi leo tunagawana, wanachama wanasema tuweke kidogo humo izae." Nilimwomba anitumie walichotumiwa. Ilikuwa APK, faili la kusakinisha apu. Apu yetu yenyewe, nembo yetu, rangi zetu, na juu ya daftari bango la kijani: nunua sarafu ya apu yako.

Nikafungua lile faili kwenye kompyuta. Walichukua msimbo wetu, ambayo leseni inaruhusu, wakabadilisha jina la ndani la kifurushi kwa sababu Android inakataa kusasisha apu iliyosainiwa kwa ufunguo tofauti, kwa hiyo ilikuwa inakaa pembeni ya ile halisi, mtu anaona ikoni mbili zinazofanana. Na walichoongeza ni vitu viwili, bango na ruhusa ya intaneti. Hiyo ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Apu yetu inasoma SMS lakini haina intaneti, ndiyo kinga yake yote, haiwezi kutuma kitu hata ikitaka. Yao inasoma SMS za hela na za namba za siri za mara moja, na ina njia ya kuzitoa nje. Sikuona sehemu inayozituma, ila mlango wameshaufungua na toleo lao linalofuata lingeweza kuutumia.

Tulichojaribu kwanza: tangazo la maandishi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, na picha ya ikoni ya kweli na ya uongo. Haikusaidia, ikoni zinafanana, na maandishi yetu yalikuwa yanashindana na maandishi yao yaliyoandikwa kwa jina letuletu. Mwanachama angemwamini nani?

Kilichofanya kazi kilitoka kwa yule mama, si kwangu. Alirekodi voisi fupi, sauti yake, akasema yeye ni nani na kikoba chake, kwamba amempigia mwenye apu na ameambiwa hakuna hisa wala sarafu, kwamba ikoni zikiwa mbili ifutwe iliyokuja mwisho, na kwamba waliokuwepo enzi za upatu wa DECI wawakumbushe vijana, ilianza na kupanda mbegu vilevile hadi ikafungwa 2009 watu bado wanasubiri kuvuna. Ile voisi ikatembea kuliko tangazo lolote tulilowahi kutoa, wahazina wengine wakarekodi za kwao. Watu wanaijua sauti ya mhazina wao. Yangu hawaijui.

Rekebisho la kudumu tuliloweka ndani ya apu, toleo lilitoka usiku wa tarehe 22: ukifungua, mstari mmoja chini ya jumla unasomeka "Apu hii haiuzi hisa wala sarafu". Tumegundua kwamba watumiaji wetu hawajawahi na hawatawahi kufungua GitHub, tamko la README lilikuwa la wanunuzi wa tokeni, hili ni la wenye apu. Pia sasa inakagua kama kuna apu nyingine yenye jina linalofanana kwenye simu na inatoa onyo. Wakibadilisha jina kidogo onyo halitatoka, hilo tunalijua.

Gharama: vocha za kupiga simu kwa wahazina mmoja mmoja, elfu 45. Usingizi wa watu wawili karibu na Krismasi. Kikoba cha yule mama hakikuweka kitu. Kingine cha jirani kilishaweka laki mbili na nusu kupitia kijana mmoja wa mtaani aliyejifanya wakala, hiyo haijarudi. Kwa vikoba vilivyouliza tufanyeje tuliwaelekeza kwenye mambo mawili: Benki Kuu ilishatangaza tangu Novemba 2019 kwamba fedha halali nchini ni shilingi na ikawaonya watu na sarafu hizi, na katiba ya kikoba chao wenyewe inasema hela ya kikundi inatumika wapi. Katiba ndiyo iliyomaliza ubishi sehemu nyingi.

12 Januari 2026: matusi

Tokeni imekufa, na waliobaki nayo wanatudai. Ishu zimejaa, "umetuibia", "dev tapeli", wengine wanatishia kuripoti apu ifutwe, wengine wametafuta majina yetu halisi na kuyabandika kwenye grupu lao. Mwenzetu wa Android alipata meseji iliyotaja mtaa anakokaa.

Kwanza tulifunga ishu zote kabisa. Ilizuia matusi na ikazuia kazi, kuna mchangiaji wa Kisumu anayetengeneza usomaji wa SMS za Safaricom kwa ajili ya chama, akakuta mlango umefungwa akadhani mradi umekufa. Tukafungua upya kwa kutumia kizuizi cha GitHub cha kuruhusu waliowahi kuchangia tu, unachagua muda, kuanzia saa 24 hadi miezi sita, sisi tumeweka mwezi. Wahazina wanaripoti kwa WhatsApp kama siku zote. Barua pepe zetu binafsi zilikuwa zinaonekana ndani ya historia ya msimbo, tumehamia zile za GitHub za kuficha, ya zamani haifutiki kirahisi ila mpya hazitoki. Kama unaanza mradi leo fanya hili siku ya kwanza.

Katikati ya matusi kulikuwa na kijana mmoja aliyeandika kwa adabu, anasema alinunua akiamini anausaidia mradi wa Afrika, ilikuwa hela ya ada ya chuo. Kanuni yetu inasema hatujibu, na hatukujibu hadharani. Nilimpigia, tukaongea. Sina cha kumrudishia, muamala ukishapita haurudi na aliyeuza hajulikani. Nilichomwambia ni asikubali wale watakaomfuata wakidai wanaweza "kumrejeshea" kwa malipo kidogo ya awali, maana hao wanakuja kila mahali baada ya msiba. Akasema wameshakuja wawili.

1 Februari: njia za rasmi, na yaliyomkuta mwingine

Tuliripoti kwa jukwaa lililobeba tokeni kupitia fomu yao, jina na nembo zimetumika bila ruhusa. Hakuna jibu hadi leo. Tukamwona wakili kuhusu kusajili alama ya biashara BRELA. Alituambia wazi kwamba usajili wa hapa utatusaidia kwa mtu aliye hapa, mfano yule kijana wakala, lakini kwa mtengenezaji asiye na jina wala nchi hauna pa kushika. Tumeamua kusajili hivyohivyo. Ushauri ulikuwa elfu 80, ada za usajili bado tunachangishana.

Wiki hii limetokea kubwa zaidi kwa Peter Steinberger, developa wa Austria mwenye ile apu ya wakala wa AI iliyokuwa inaitwa Clawdbot. Alilazimika kubadilisha jina, na wakati anahamisha akaunti matapeli wakadaka majina ya zamani papo hapo, tokeni ya uongo ikafika thamani ya dola milioni 16 kwenye karatasi, na yeye akawa anaandamwa hadi akaandika hadharani waache kumsumbua na kwamba hatatoa sarafu kamwe. Alipokana ikaporomoka. Nimesoma nikaona mambo yetu yaleyale, tofauti ni wingi wa sifuri.

Tulichonakili kwake: ukibadilisha jina la akaunti usiliache la zamani wazi hata kwa dakika, fungua akaunti ya pili ulishike kwanza. Na tumekwenda kushika jina letu kila tunapoweza, Telegram, npm, PyPI (ghala kama npm, la Python), na X ambayo rafiki wa Nairobi ametufungulia, ina posti moja tu, lile tamko. Gharama sifuri, jioni moja.

22 Februari: hali ilivyo

Ada bado zimekaa kule kwenye ukurasa, hatujazigusa. Meseji za kutubana zimepungua sana, bado inakuja moja moja, wengi sasa wanataka "tokeni rasmi safari hii, tufanye vizuri". Zinafutwa. APK bandia imeonekana mara ya mwisho kwenye grupu moja la Tandika mwezi uliopita na mhazina wa pale aliimaliza mwenyewe kabla hatujaambiwa.

Jumla ya hela iliyotoka mfukoni ni laki moja na elfu 25 mpaka sasa, bila ada za BRELA. Michango ya vikoba kwa miezi hii imelipa sava na imebaki kidogo, tumenunua simu moja ya majaribio iliyotumika, elfu 90, Tecno ya zamani ambayo ndiyo wahazina wengi wanayo. Kilichochelewa ni toleo la hesabu ya mikopo ya riba inayopungua, lilikuwa la Novemba, sasa ni la Machi.

Kinachofuata: Mixx wamebadilisha tena mpangilio wa SMS za kupokea kutoka mitandao mingine na apu inaruka jina la mtumaji. Mwenye laini ya Mixx atutumie mfano wa SMS kwa WhatsApp, futa namba na majina kwanza, tunahitaji za kupokea kutoka M-Pesa na kutoka benki.